Rejista ya Waogeleaji: Kutoka Daftari Hadi Kompyuta

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za walimu wetu, za michezo na za kazi tuzifanyazo. Safari hii napenda kueleza jambo linaloonekana dogo, nalo ni jinsi kompyuta ilivyoingia katika kazi ya kuandikisha watoto wanaojifunza kuogelea. Mimi ni mtumishi wa serikali, na siku zangu nyingi hupita kati ya majalada na rejista. Katika historia hii nimeona kwamba thamani ya rejista hutegemea swali inaloulizwa.

Mafunzo ya kuogelea kwa umma yana umri wa zaidi ya karne moja. Nchini Marekani, Wilbert Longfellow alianzisha kikosi cha uokoaji majini cha Msalaba Mwekundu mwaka 1914. Kanada nayo ilianza mpango wa Msalaba Mwekundu mwaka 1946. Wakati huo kumbukumbu zote ziliwekwa kwa kalamu.

Ugumu wa daftari la bwawani hautokani na wingi wa majina. Sisi shuleni tulipanda kidato pamoja mwanzoni mwa mwaka. Bwawani sivyo, kwani mtoto mmoja huelea baada ya majuma matatu, na mwenzake baada ya miezi sita. Kila anayepanda ngazi huacha nafasi, na anayesubiri hana budi kuitwa. Darasa aendalo lazima liwe na mwalimu, lisizidi idadi ya watoto anaoweza kuwaangalia, wala lisigongane na saa za darasa jingine. Karani huandika jina lilelile katika daftari la ada, la mahudhurio, la ngazi na la wanaosubiri. Akisahau moja tu, madaftari hayapatani tena.

Dawa ya maradhi hayo ilielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM. Alishauri kumbukumbu zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Kwa mfano wetu, watoto wawe na jedwali lao, madarasa lao, ngazi lao, na yote yaunganishwe kwa namba. Jina likiandikwa mara moja, latosha.

Ilibaki kupata mashine ambayo ofisi ndogo ingeimudu. Mwaka 1979 ilitoka programu ya mahesabu iitwayo VisiCalc, na mwaka 1981 IBM ikauza kompyuta yake ya mezani. Miaka hiyo ilitoka pia dBASE II, iliyotokana na programu ambayo Wayne Ratliff aliiandika ili imsaidie kubashiri matokeo ya mpira wa Kimarekani! Mwaka 1985 ilianzishwa huko Marekani kampuni ya Vermont Systems, ikatengeneza programu kwa ajili ya idara za miji zinazosimamia bustani na michezo.

Programu za namna hiyo zilijibu vyema maswali ya karani: nani amelipa, na nafasi ngapi zimebaki? Intaneti ilipoenea, mzazi akaweza kumwandikisha mtoto akiwa nyumbani. Baada ya iPad kutoka mwaka 2010, mwalimu naye akaweza kuweka alama akiwa kando ya maji. Hapo ndipo swali la mwalimu lilipopata nafasi yake: mtoto huyu anaweza nini? Kule Uingereza, mtaala wa shule unataka mtoto amalizapo msingi aweze kuogelea mita 25 na kujiokoa majini. Mahudhurio peke yake hayathibitishi hayo.

Ngazi nazo hubadilika. Mwaka 2022 Msalaba Mwekundu wa Kanada uliacha mafunzo ya kuogelea baada ya miaka 76, na mabwawa yaliyofuata mpango wake yakabidi kuwahamishia watoto katika ngazi za chama kingine. Rejista iliyoandika "ngazi ya tano" bila kueleza mtoto anaweza nini haisaidii kitu siku kama hiyo.

Lakini mfano ulionigusa zaidi unatoka Bangladesh. Kati ya 2006 na 2010, watoto wa vijijini wa miaka 4 hadi 12 walifundishwa katika mpango wa SwimSafe. Kufuzu kulikuwa kuogelea mita 25 na kuelea sekunde 30. Kumbukumbu zao zililinganishwa na takwimu za vifo vya vijiji hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa vifo vya kuzama miongoni mwa waliofundishwa vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Jawabu hilo lisingepatikana katika risiti za ada.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, tisa kati ya kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nasi tuna pwani ndefu na maziwa makuu. Wengi wetu tumo katika wizara, halmashauri na bodi za shule. Siku tutakapoanzisha mafunzo haya, kabla ya kuuliza bei ya kompyuta, tuchukue karatasi na kuchora safu mbili mbele ya jina la kila mtoto: je, anaelea, na je, anaweza kufika ukingoni? Safu ya ada ifuate baadaye.