Kutoka Ngomeni hadi Mshtarii

Taja "Uhuru" pale stendi ya Mwenge, utaambiwa habari za mwenge uliopandishwa Kilimanjaro Desemba 1961. Setilaiti hawaitaji. Lakini ilikuwepo: tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililo baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Ikapewa jina la siku hiyo.

Mimi navutiwa zaidi na mdogo wake asiye na jina tamu, Explorer 45, aliyerushwa hapohapo Novemba 1971. Alitumwa kupima plazma, yaani chembe zenye umeme, elektroni na ioni, zilizonaswa na uga wa sumaku wa dunia. Chembe hizo haziendi zitakako. Hujiviringisha kwenye mistari ya sumaku, hukimbilia ncha moja, hurudishwa, hukimbilia nyingine.

Kwa Mshtarii mambo ni makubwa zaidi. Mwaka 1955 Burke na Franklin, huko Marekani, walinasa mikwaruzo ya redio kutoka sayari hiyo. Mwaka 1964 Bigg, Australia, akaonyesha kuwa mikwaruzo inafuata mwendo wa Io, mmoja wa miezi yake. Kamwezi kaamue redio ya sayari nzima? Mwaka 1979 Voyager 1 ikakuta volkano za Io zinatema salfa. Takriban tani moja ya mata kila sekunde inaishia kuwa plazma. Mshtarii hujizungusha kwa chini ya saa 10, na uga wake huiburuta plazma hiyo kwa kama kilomita 74 kwa sekunde, wakati Io anakwenda 17 tu. Kwa hiyo plazma inamfikia kwa nyuma na kumpita, na hapo ndipo umeme unapozaliwa. Ikisogea mbali zaidi inaanza kubaki nyuma. Sayari inalazimika kuivuta kwa mikondo ya umeme, na mikondo hiyo ndiyo inayohusishwa na mianga mikali kwenye ncha zake. Thomas Hill aliandika hesabu za kubaki nyuma huko mwaka huohuo wa 1979.

Jina Mshtarii tumelipata kwa Waarabu, zamani sana. Ila vitabu nilivyosoma shuleni, vikifika Malindi, vilimtaja Vasco da Gama na 1498, basi. Kuna mtoto wa Ngomeni aliyeziona roketi zile zikipaa, leo ni mzee, na hajaulizwa. Ya mwisho iliondoka Machi 1988.