Walisema Sanamu Zilitembea

Zipo video zinazozunguka kwenye simu za vijana hapa kambini, zote zinafanana. Inaonyeshwa piramidi, muziki wa kutisha unapigwa, halafu sauti nzito inauliza: binadamu wa zamani, bila mashine, angewezaje? Na jibu lipo tayari, eti ni watu wa sayari nyingine walioshuka wakajenga. Vijana wanabishana hadi betri inaisha.

Kuhusu Misri, mimi naona ubishi huo ungefaa ufungwe. Mwaka 2013, watafiti walioongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walichimbua mahali paitwapo Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, wakapata vipande vya karatasi ya mafunjo vyenye umri wa miaka kama 4,500. Ndani yake mlikuwa na daftari la kazi la bwana mmoja aitwaye Merer. Alikuwa kiongozi wa kikosi cha watu kama 40, na kazi yao ilikuwa kupakia mawe ya chokaa kwenye mashua kule Tura, kuyavusha kwa mto Nile hadi Giza kwenye piramidi ya mfalme Khufu, kisha kurudi kuchukua mengine. Siku hii tumepakia, siku hii tumelala njiani, siku hii tumefika. Pamoja na daftari hilo zilikutwa hesabu za chakula. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya mgao atamwelewa Merer mara moja. Watu wa sayari nyingine wasingehitaji kuandikiwa mikate.

Kwa hiyo watu waliweza, hilo liishe. Swali linalonisumbua ni jingine: ujuzi wenyewe ulienda wapi? Maana hakuna mtu anayelala na ujuzi akaamka umepotea. Kuna namna unavyopotea, na ukitaka kuiona vizuri acha Misri, nenda mbali zaidi, kwenye kisiwa cha Rapa Nui katikati ya bahari ya Pasifiki. Wazungu walikiita Kisiwa cha Pasaka kwa sababu Mholanzi Roggeveen alikifikia siku ya Pasaka mwaka 1722. Kutoka hapo hadi pwani ya Chile, nchi inayokitawala leo, ni kilomita zaidi ya 3,500.

Ni kisiwa kidogo tu, na bado wenyeji wake walichonga karibu sanamu 1,000 za mawe. Wanaziita moai. Nyingi zilitoka kwenye machimbo ya mlima mmoja wa volkano, Rano Raraku, zikachongwa kwa tezo za jiwe gumu, kisha zikapelekwa kilomita nyingi na kusimamishwa kandokando ya pwani. Kubwa kuliko zote zilizowahi kusimamishwa ina urefu wa mita 10 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 80. Hawakuwa na chuma, gurudumu wala ng'ombe wa kukokota.

Wageni walipouliza sanamu zilifikaje pwani, wazee walijibu: zilitembea. Wageni wakacheka, wakaandika kwamba hawa watu wana hadithi nzuri. Kila msomi akaja na nadharia yake, wengi wakisema sanamu zililazwa juu ya magogo zikavutwa. Wapo wanaoshikilia hivyo hadi leo. Lakini mwaka 1986 mhandisi Mcheki aitwaye Pavel Pavel alifunga kamba kwenye sanamu iliyosimama wima, watu wakaivuta upande huu na upande ule, ikasogea kwa kuyumba. Mwaka 2012, Wamarekani Terry Hunt na Carl Lipo walitengeneza mfano wa zege wenye tani zaidi ya 4, wakaujaribu kule Hawaii kwa kamba tatu na watu 18. Kamba ya kushoto, kamba ya kulia, na moja nyuma ya kuzuia isianguke. Lile jiwe likaenda kwa hatua, bega hili mbele, bega lile mbele, kama mtu anayesogeza kabati peke yake ndani ya nyumba. Ukiliona unashtuka, maana kweli linatembea! Wazee hawakuwa wanasimulia ngano. Walikuwa wanatoa maelezo ya kazi.

Kuna kisa kingine cha kisiwa hicho ambacho ningependa ndugu zetu wa mashirika wakisome mara mbili. Mwaka 1955 msafiri wa Norway, Thor Heyerdahl, alifika na watu wake kuchunguza. Hakuna sanamu hata moja iliyokuwa imebaki imesimama juu ya jukwaa lake, zote zilikuwa zimeangushwa zamani. Meya wa kisiwa, Pedro Atan, akasema anajua namna ya kuinua. Alichukua watu 12, magogo ya kubinulia na mawe. Wanabinua kidogo, mtu anasukumia mawe madogo chini ya sanamu, wanabinua tena, mawe yanaongezwa, rundo linapanda na sanamu inapanda nalo. Baada ya siku 18 ilikuwa imesimama. Heyerdahl akamuuliza kwa nini siri hiyo haikuwahi kusemwa miaka yote ambayo wataalamu walikuwa wanaumiza vichwa. Jibu lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amefundishwa na wazee wa ukoo wake.

Hapa kambini tumejaza fomu nyingi. Tumeulizwa idadi ya watu wa kaya, umri, magonjwa, nani mjane na nani mlemavu. Ni maswali ya maana, sikatai. Ila sijaona fomu yenye mstari wa kuuliza: mama, wewe unajua kufanya nini?

Sasa niseme kilichopotea kweli, maana si kila kitu alikuwepo Atan wa kukikumbuka. Watu wa Rapa Nui walikuwa na alama zao za kuchora kwenye vibao vya mbao, rongorongo. Mmisionari Eugène Eyraud alipofika mwaka 1864 aliviona katika nyumba zote. Leo vimebaki vipande kama 25 duniani, vyote nje ya kisiwa, kwenye makumbusho na mikusanyo ya watu, na hakuna binadamu hai anayeweza kuvisoma. Kwa nini? Mwishoni mwa mwaka 1862 zilikuja meli kutoka Peru kutafuta watu wa kufanya kazi. Zilikamata watu wapatao 1,500, na kati yao walikuwemo mfalme na wale waliojua kusoma vibao. Wengi walikufa huko ugenini. Kelele zilipopigwa, kama watu mia moja waliobaki wakapakiwa kurudishwa nyumbani. Ndui ikawaua ndani ya meli, wakafika kama 15 tu, nao wakashuka na ugonjwa. Mwaka 1877 waliobaki kisiwa kizima walihesabiwa: 111.

Baadaye Chile ilipokitwaa kisiwa, wenyeji walifungiwa katika kijiji kimoja, Hanga Roa, kwa ukuta. Ardhi iliyobaki ikawa malisho ya kondoo wa kampuni, na kutoka nje kulihitaji ruhusa. Wasomaji wa jarida hili sina haja ya kuwaeleza habari ya kuomba ruhusa ya kutoka.

Angalieni hesabu yake lakini. Katika watu 111 kazi ya kuinua jiwe ilipona, kwa sababu ilikuwa inasimuliwa nyumbani, mtoto anasikiliza. Kusoma vibao hakukupona, maana kulikuwa kwa wachache, na hao wachache walikamatwa kwa mkupuo.

Ndiyo maana mimi, ukiniuliza ni mnara gani wa kale ninaoupenda zaidi, nitakutajia kitu kisicho cha jiwe kabisa. Kule Peru huko huko, juu ya mto Apurímac, kuna daraja la majani liitwalo Q'eswachaka, urefu wake mita 28 hivi. Lilianzia enzi za Wainka, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Madaraja ya aina hiyo yalikuwa mengi, hili limebaki kwa sababu jumuiya nne za jirani hulisuka upya kila mwaka, mwezi wa sita. Kila familia inaleta kamba yake ya majani. Wanawake wanasuka kamba nyembamba, wanaume wanazisokota kuwa nene kama paja la mtu, halafu daraja la zamani linakatwa na kuachiwa mto. Siku tatu, nne, kazi imeisha, na ya mwisho ni ngoma.

Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, halikusukwa. Machi 2021 likakatika na kuanguka mtoni. Mwezi wa sita watu wa jumuiya hizo wakashuka bondeni na kamba zao, wakaanza upya, upande huu wa mto na upande ule.