Jenerali wa Barua Tamu, na Joe Ambaye Hakuandika

Juni 1861. Jamaa wa miaka 27, kanali mzima, yuko kambini Virginia. Anamwandikia bibi yake Fanny, aliyebaki North Carolina na watoto wadogo, na humo ndani anamwambia ati alienda karamu, akacheza dansi na kuchezeana macho na msichana mmoja mrembo. Aliandika kwa wino, akaweka kwa bahasha, akatuma.

Fanny aliwaka, na jamaa ikabidi ajitetee kwa barua nyingine. Hebu fikiria kugombana na mtu na jibu linakuja baada ya siku kadhaa. Sisi tukiona tiki mbili za bluu bila jibu kwa dakika kumi tunakufa.

Huyo ni William Dorsey Pender, ofisa wa jeshi la Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Barua zake zilitolewa kama kitabu mwaka 1965, kinaitwa The General to His Lady, na enyewe ni tamu. Anammiss bibi yake vibaya. Anawaza watoto. Anahangaikia wokovu wake mpaka anabatizwa hapo hapo kambini. Ukisoma kurasa thelathini unaanza kumpenda, na hapo ndipo nataka tusimame kidogo.

Kwanza kazi yake. Alimaliza West Point mwaka 1854, akatumika huko magharibi mwa Marekani. Vita vilipoanza alipanda cheo kama lifti: kanali 1861, brigedia 1862 baada ya mapigano ya Seven Pines, meja jenerali Mei 1863 akiwa na miaka 29. Alijeruhiwa mara kadhaa na kila mara alirudi. Jenerali Stonewall Jackson alipopigwa risasi usiku pale Chancellorsville, Pender ni mmoja wa waliomfikia, na Jackson akiwa anavuja damu akamwamuru asiondoke pale aliposhikilia. Uoga hakuwa nao, hilo nampa.

Sasa, watetezi wa hawa maofisa wana wimbo mmoja: ati hakupigania utumwa, alifuata tu jimbo lake. Angalieni tarehe, wasee. Pender alijiuzulu jeshi la Marekani Machi 21, 1861. North Carolina ilijitenga Mei 20, miezi miwili baadaye. Jimbo lake lilikuwa bado ndani ya Marekani wakati yeye tayari ametoka. Alifuata nini basi? Na siku hiyo hiyo, Machi 21, makamu wa rais wa serikali mpya ya Kusini, Alexander Stephens, alisimama Savannah akasema wazi kwamba jiwe la msingi la serikali yao ni hili: mtu mweusi si sawa na mzungu, na utumwa ndiyo hali yake ya asili. Hakuna aliyefichwa ajenda.

Turudi kwa barua. Juni 28, 1863, jeshi la Lee limevamia Pennsylvania. Pender anamwandikia Fanny kwamba wanajeshi wake wanawaza uporaji tu, na anamtaja Joe, mtumwa anayemtumikia kambini. Anasema Joe ameufurahia uvamizi sana na yuko mbele kutafuta mali iliyofichwa na wenyeji. Inasomeka kama kichekesho cha nyumbani.

Lakini katika kampeni hiyo hiyo, wanajeshi wa jeshi hilo walikuwa wanawakamata watu weusi wa Pennsylvania, wengine waliozaliwa huru kabisa, na kuwapeleka kusini utumwani. Joe alikuwa anatembea katikati ya hayo yote. Alifurahi kweli? Aliigiza mbele ya bwana? Alikuwa anapima umbali wa kutoroka? Tunachopewa ni sentensi ya Pender.

Na si bahati mbaya kwamba ni ya Pender. North Carolina ilipitisha sheria mwaka 1830 ikikataza kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika. Hesabu tu ndiyo iliruhusiwa. Mzungu akifundisha, faini au jela. Mtumwa akimfundisha mwenzake, viboko 39. Kwa hivyo mtu akiniambia nisimhukumu Pender bila kusoma barua zake, mimi nimesoma, na swali langu ni za Joe ziko wapi. Upole wa Pender umehifadhiwa kwa sababu alikuwa na ruhusa ya kuandika. Joe naye huenda alikuwa na mtu wa kummiss.

Siku nne baada ya barua ile, Gettysburg, kipande cha kombora kilimpiga Pender kwenye paja. Alisafirishwa kwa gari la farasi mpaka Staunton, Virginia, kidonda kikaharibika, mguu ukakatwa Julai 18. Alifariki siku hiyo hiyo. Fanny alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Hakuolewa tena, alifungua shule, baadaye akasimamia posta ya mji wa Tarboro. Mwaka 1875 North Carolina ikaanzisha kaunti na kuipa jina la Pender, na mpaka leo inaitwa hivyo.

Mkikipata hicho kitabu, msianzie kwa ile ya msichana wa dansi. Anzeni na ya Juni 28, halafu mniambie kwa komenti mmeona nini.