Kosa Lililosema Ukweli: Historia Fupi ya Muunganisho Salama wa Kanzidata

Asubuhi moja nilipigiwa simu kutoka zahanati ndogo hapa Kiwalani. Programu yao ya kusajili wagonjwa, ambayo huwa nawasaidia kuitunza nikiwa sina kipindi chuoni, ilikuwa imegoma. Usiku umeme ulikatika, alfajiri ukarudi. Kompyuta ya mapokezi ikawaka vizuri tu, lakini kila ikijaribu kufikia kanzidata inaleta ujumbe uleule: cheti cha seva si halali, muunganisho umekataliwa.

"Mdogo wangu, benchi limejaa wagonjwa," Sista akaniambia. "Fanya unavyojua."

Nikafanya ninavyojua. Nilifungua mipangilio, nikatafuta sehemu inayoiamuru programu ihakiki cheti cha seva kabla ya kuunganika, nikauzima huo uhakiki. Programu ikaunganika palepale. Foleni ikaanza kusogea, na mimi nikarudi nyumbani nikijiona fundi kweli kweli.

Saa saba mchana simu ikaita tena. "Mdogo wangu, huyu mtoto programu inasema ana umri wa miaka hasi 14. Hasi!"

Mtoto alizaliwa 2023. Nilipofika nikatazama kona ya chini ya skrini, nikaishiwa nguvu. Kompyuta ilikuwa inaamini leo ni tarehe 1 Januari 2009. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo bapa kama sarafu, inayoifanya saa iendelee kutembea hata umeme usipokuwepo. Ile betri ilikuwa imekufa. Umeme ulipokatika, saa ikarudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani, na tofauti ikiwa kubwa kiasi hicho Windows kwa kawaida haijirekebishi yenyewe.

Kumbe cheti kilikuwa kizima. Ila kwa kompyuta iliyodhani iko 2009, cheti kilichotolewa juzi kilikuwa hakijaanza kutumika. Ujumbe wa kosa ulikuwa unasema ukweli, kwamba kuna kitu hakiko sawa. Mimi nikaunyamazisha, na tarehe ya uongo ikaingia kwenye kumbukumbu za wagonjwa 23.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo mwanzoni nilidhani ni la kiufundi, kumbe ni la kihistoria. Ilikuwaje hadi kompyuta inayotaka tu kusoma jina la mgonjwa ikalazimika kujua leo ni tarehe ngapi?

Enzi za chumba kimoja

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa 1965 katika Wizara ya Fedha, mashine ya aina ya ICT 1500, kwa ajili ya hesabu za serikali. Kulinda data enzi hizo kulikuwa rahisi kueleza: data, mashine na mtu anayeisoma vyote viko kwenye jengo moja. Ukishakuwa na kitasa imara na mlinzi mlangoni, kazi imeisha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo kwa miaka mingi iliyofuata suala la data kusafiri kutoka mashine moja hadi nyingine halikuwa tatizo letu kubwa.

Huko nje mambo yalikuwa yanabadilika. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, nchini Marekani, walichapisha wazo lililopindua fani nzima: watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kukubaliana siri hata kama kila mtu anasikiliza mazungumzo yao. Miongoni mwa wanafunzi wa Hellman katika Chuo Kikuu cha Stanford alikuwepo Mwafrika, Taher Elgamal, mzaliwa wa Cairo. Mwaka 1985 alichapisha njia yake mwenyewe ya kusimba ujumbe, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Miaka kumi baadaye Elgamal alikuwa mwanasayansi mkuu wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari maarufu cha wakati huo. Netscape walikuwa na shida ya kibiashara: nani ataandika namba ya kadi yake ya benki kwenye intaneti, ambako kila mashine ya njiani inaweza kuisoma? Jibu lao likaitwa SSL. Toleo la 2 lilitoka 1995, likawa na mapungufu, la 3 likafuata 1996. Kazi hiyo ikahamia kwa jopo la kimataifa la viwango vya intaneti, na mwaka 1999 ikatoka kwa jina jipya, TLS. Mafundi wengi bado tunasema SSL kwa mazoea tu.

Kusimba peke yake hakutoshi

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, nikiwemo mimi wa asubuhi ile. SSL ilifanya kazi mbili. Ya kwanza ni kusimba, yaani kuugeuza ujumbe usisomeke njiani. Ya pili ni kumtambua unayeongea naye. Ukiwa na ya kwanza bila ya pili, unaweza kujikuta unamnong'oneza siri zako mwizi mwenyewe, kwa usiri mkubwa kabisa.

Fikiria mtu anabisha hodi nyumbani kwako Kiwalani, anasema ni fundi wa umeme. Unaweza kumwingiza ndani na kufunga mlango ili majirani wasisikie mnachozungumza. Lakini kama ni kishoka, mlango uliofungwa umekusaidia nini? Kabla ya kufunga mlango, unataka kuona kitambulisho.

Cheti cha seva ndicho kitambulisho hicho. Ukitaka kukielewa, fikiria barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Barua ina jina lako, ina tarehe, ina mhuri. Benki haikujui wewe, lakini inautambua mhuri. Basi hivyo hivyo, kompyuta huja ikiwa na orodha ya mamlaka inazoziamini, na cheti chochote chenye mhuri unaotoka kwao hukubaliwa, mradi jina liwe lenyewe na tarehe iwe haijapita wala si ya mbele. Barua uliyojiandikia na kujipigia mhuri mwenyewe, hata kama kila neno ni la kweli, dirishani haipokelewi.

Kanzidata zilifuata nyuma

Tovuti za biashara zilivaa kinga hii mapema, kanzidata zikachelewa. Sababu inaeleweka: kwa kawaida kanzidata ilikaa chumba kimoja na programu inayoitumia, ule ule utaratibu wa kitasa na mlinzi. MySQL ilipata uwezo wa kuunganika kwa SSL katika toleo la 4.0, lililoiva 2003. PostgreSQL nayo ilikuwa na usimbaji kwa muda, lakini ngazi inayoitwa "verify-full", yaani hakiki mhuri na jina la seva vyote viwili, ilikuja na toleo la 8.4, tarehe 1 Julai 2009.

Kwetu sisi mwezi huo una uzito wa pekee. Tarehe 23 Julai 2009 kebo ya SEACOM ilizinduliwa, ikapita chini ya Bahari ya Hindi na kutua Dar es Salaam na Mombasa. Kabla ya hapo intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. EASSy ikafuata 2010. Kwa mara ya kwanza, ofisi ya Dar ingeweza kuweka kanzidata yake kwenye seva ya kukodi Ulaya na kuitumia kama vile iko chumba cha pili. Hapo kitasa na mlinzi vikabaki nyuma. Zahanati ya Kiwalani ninayoisimulia imeingia kwenye mkumbo huo: daftari lake la wagonjwa liko bara jingine, na kila jina likisajiliwa linavuka bahari.

Na kumbuka kinachovuka ni kitu gani. Mwaka 2004, baada ya wataalamu wa Marekani kutembelea Eldoret, Kenya, na kuona mzigo wa kumbukumbu za wagonjwa wa UKIMWI, ndipo lilipozaliwa wazo la OpenMRS, programu ya bure ya kumbukumbu za tiba inayotumia MySQL. Ilianza kazi Eldoret 2006, ikasambaa nchi nyingi. Kwa hiyo suala la nani anasikiliza kati ya programu na kanzidata, katika ukanda wetu, kwa sehemu kubwa limekuwa suala la nani anajua majibu ya vipimo vya nani.

Mihuri iliyoibiwa

Sasa turudi kwenye tarehe. Kwa nini barua iwe na mwisho? Kwa sababu mihuri huibiwa.

Mwaka 2011 wavamizi waliingia kwenye mitambo ya DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakajitengenezea vyeti vya uongo, kimojawapo kikiwa cha jina la Google. Cheti hicho kilitumika kuwapeleleza watumiaji wa intaneti nchini Iran. Mhuri ulikuwa halisi, mpigaji ndiye aliyekuwa mwizi. Vivinjari vikaiondoa DigiNotar kwenye orodha zao, na kufikia Septemba mwaka huo kampuni ilikuwa imefilisika.

Aprili 2014 ikaja Heartbleed, kosa dogo ndani ya OpenSSL, programu inayofanya kazi ya usimbaji kwenye seva nyingi mno duniani. Kosa hilo liliwezesha mtu wa nje kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, na humo mlikuwa na uwezekano wa kupata funguo zenyewe za siri.

Funzo lilikuwa kwamba cheti kisiishi muda mrefu, ili hata kikiibiwa kisimfaidishe mwizi kwa miaka. Let's Encrypt, iliyoanza kutoa vyeti vya bure kwa umma mwishoni mwa 2015, ikachagua siku 90. Kuanzia Septemba 2020 vyeti vya umma vikawekewa ukomo wa siku 398. Mwaka 2025 mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari wakakubaliana kushuka hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo 2029. Kadiri maisha ya cheti yanavyofupishwa, ndivyo saa ya kompyuta inavyozidi kuwa sehemu ya ulinzi wenyewe.

Hata mamlaka zenyewe huzeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3, kilichokuwa kinadhamini vyeti vya Let's Encrypt kwenye vifaa vya zamani, kilifika mwisho wake. Programu nyingi zenye OpenSSL ya zamani ziligoma siku hiyo bila mtu kugusa chochote. Na lugha pia hustaafu: matoleo ya TLS 1.0 na 1.1 yalitangazwa rasmi kutofaa Machi 2021, na MySQL ikayaondoa kabisa katika toleo la 8.0.28, Januari 2022. Ukiboresha seva lakini programu yako ni ya mwaka 47, zitasalimiana kwa lugha mbili tofauti na kuachana.

Maswali manne

Ukiijua historia hii, ujumbe wa kosa unasomeka tofauti. Siku hizi kabla ya kugusa mpangilio wowote najiuliza maswali manne, kwa mpangilio huu. Saa ya kompyuta iko sawa? Jina ninaloliita seva ndilo lililoandikwa kwenye cheti? Mamlaka iliyopiga mhuri imo kwenye orodha ya kompyuta hii, au orodha imezeeka? Pande zote mbili zinazungumza toleo moja la TLS? Makosa mengi niliyokutana nayo yamejibika hapo, na hakuna hata moja lililohitaji kuzima uhakiki.

Tatizo ni kwamba kuzima ni rahisi mno. PostgreSQL isipoambiwa lolote hutumia hali ya "prefer": ikiwezekana simba, isipowezekana endelea tu, na kitambulisho usiulize. Mwongozo wake wenyewe unasema hali hiyo haifai pale usalama unapohitajika, lakini imebaki ili mifumo ya zamani isivunjike. Wakati huohuo sheria yetu imeshasonga mbele. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mbele ya sheria hiyo, "benchi lilikuwa limejaa" sidhani kama ni utetezi.

Mchana ule nilienda kununua betri ya CR2032, nikaibadilisha, nikaweka tarehe sahihi, nikarudisha uhakiki. Cheti kikapita bila neno. Kisha mimi na Sista tukaketi na daftari lake la karatasi, lile ambalo miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimemshauri aachane nalo, tukasahihisha kumbukumbu 23 moja baada ya nyingine. Ilituchukua hadi magharibi.

Kwa zile saa sita nilizozima uhakiki, majina na vipimo vya watu vilisafiri bila kuulizwa vinaenda kwa nani. Sina njia ya kujua kama kulikuwa na mtu njiani. Daftari bado lipo mapokezi, na safari hii sijamwambia Sista aliondoe.