Unaenda Kisiwani na Nani?

Hilo ndilo swali nimepigwa nalo hapa nyumbani Musanda wiki nzima. Siyo unaenda lini, siyo uko na pesa ngapi. "Na nani?" Mama ameuliza, kukhu ameuliza, hadi jirani aliyekuja tu kuchaji simu akauliza. Nikijibu "peke yangu", watu wananyamaza kama vile nimetangaza msiba.

Iko hivi. Mwezi ujao naanza kazi Dar es Salaam, na hapo katikati nina siku nne ambazo ni zangu kabisa. Nataka kuzimalizia kisiwani, mahali penye bahari na upepo, nilale mchana bila mtu kuniita. Kukhu anasema kusafiri peke yako kwenda kupumzika ni mambo ya wazungu. Nampenda kukhu, lakini hapo hapana. Historia haimuungi mkono.

Mwaka 1325 kijana wa miaka 21 alitoka kwao Tangier, Moroko, akaelekea Makka. Aliondoka bila mwenzake hata mmoja. Anaitwa Ibn Battuta, na kama 1331 hivi alikuwa ameshafika pwani yetu. Njiani alijaziwa wenzake, sikatai, lakini mlangoni kwao alitoka peke yake. Na wasee, huyu jamaa alikuwa anachagua mahali pa kulala kama sisi tu. Alipofika Zeila, kule Somalia ya kaskazini, alikataa kulala mjini kwa sababu ya harufu ya samaki na damu ya ngamia. Bahari ilikuwa imechafuka lakini akaona heri alale chomboni. Hiyo ni nyota moja kati ya tano.

Mogadishu walimpokea vizuri. Kulikuwa na desturi kwamba jahazi likifika, vijana wa mji wanaenda nalo na vyakula vilivyofunikwa, kila mmoja anampa mfanyabiashara mmoja sahani na kusema huyu ni mgeni wangu. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa msomi, alikaribishwa kwa sheikh wa mji. Wakampa wali wa samli, kuku, nyama, samaki, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Yaani mgeni hakuachwa azurure akitafuta chumba. Alikuwa na mwenyeji kabla hajakanyaga nchi kavu.

Hii haikuwa ukarimu tu wa moyo, pepo zilikuwa na mkono wake. Kaskazi huleta majahazi kutoka Uarabuni na India kuanzia miezi ya mwisho wa mwaka, na kurudi lazima usubiri kusi ianze, kama Aprili. Ukifika mapema unakaa miezi. Hakuna haraka itakayokusaidia. Miji ya Waswahili ilizoea kuwa na watu wanaongoja: ilibidi wawe na pa kulala, cha kula, na baraza la kuketi jioni. Visiwa vilipendwa kwa sababu vilikuwa na bandari tulivu na maji ya kujilinda na maadui wa bara. Kwa hiyo huku kupumzika kisiwani tunakokuona kwa mabango ya hoteli, kulianza kama kungoja.

Sasa, kisiwa gani? Unguja iko njiani kwenda Dar na picha zake zinajua kuvutia. Lakini kuna kitu sitaki kukiruka. Si kila aliyepumzishwa kisiwani alichagua kuja. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 tu, na pale pale likajengwa kanisa la Kianglikana ambalo liko hadi leo. Watu wa bara waliletwa pale na kungojeshwa wauzwe. Sisemi mtu asiende kuogelea Nungwi. Nasema ukienda, pitia pale kwanza. Lamu nayo nimeitamani tangu nikiwa fomu tu, mji wa punda na vichochoro, lakini kwa safari yangu iko upande mwingine kabisa, na siku nne zingeishia kwa basi na boti.

Nimechagua Mombasa. Cheka tu. Mbogi yangu ilicheka pia, ati Mombasa si kisiwa. Enyewe tumesahau, kwa sababu ukitoka na treni au basi unavuka Makupa umelala, kisha unakimbilia ufuo wa Nyali au Diani, ambazo ziko bara. Kisiwa chenyewe tunakipita tu.

Hata Ibn Battuta alikipita. Alilala usiku mmoja akaendelea Kilwa, ambayo aliisifu sana. Lakini katika huo usiku mmoja aliona watu wanakula ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kutoka nje, misikiti ya mbao, na visima mlangoni ambapo unaosha miguu kabla ya kuingia. Tena akataja tunda tamu linalofanana na zeituni, akaliita jammun. Nilisoma hapo mara mbili. Hizo ni zambarau, na huku kwetu Magharibi wengi tunaziita jamna! Miaka karibu mia saba, na jina ni lile lile. Mimi nitampa Mombasa siku nne alizomnyima: Mji wa Kale, kahawa chungu, mahamri na mbaazi, na ule usingizi wa saa nane wakati maduka yamefungwa nusu.

Na kuna deni hapa pia. Misafara ya Waswahili ilitoka Mombasa kwa miguu, ikapita Baringo, ikafika huku kwetu kwa Wawanga. Walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Joseph Thomson alifika 1883 akamkuta mwanawe, Nabongo Mumia. Askofu Hannington akapita 1885 akielekea Busoga, ambako aliuawa. Msafara ulikuwa unakaa hapa, unanunua chakula, unapona vidonda vya miguu. Biashara yao ilikuwa pembe za ndovu, na watu pia, hilo nalo tuliseme. Lakini Uislamu wa Mumias, na Kiswahili changu mimi, vilikuja na hao waliopumzika hapa. Wao walikuja kwetu kabla mimi sijaenda kwao.

Jana usiku nilimsomea kukhu yote haya. Alisikiliza mpaka kwenye ndizi za maziwa, akanikatiza. "Na aliyepika?"

Nikamwambia kitabu kinamtaja sheikh na msomi, mpishi hakumwandika. Kukhu akaguna. Kuhusu wale wa msafara kwa Mumia akauliza vile vile: nani alisonga ugali wa watu wote hao? Sikuwa na jibu.

Leo asubuhi nimemkuta ananifungia njugu karanga kwa karatasi, mafungu mawili. Swali la "na nani" hajalirudia. Amesema fungu moja ni la njiani. Lingine nimpe mama atakayenipikia huko.