Wapasuaji Wanaofunzwa Karibu na Wagonjwa: Tuijue PAACS

Katika makanisa yetu ya mashariki tunajua maana ya kukosa mpasuaji. Mama anashindwa kuzaa usiku, barabara haipitiki, na hospitali ya karibu ina chumba cha operesheni lakini haina mtu wa kuingia ndani. Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2015, tume ya jarida la tiba The Lancet ilionyesha kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanapouhitaji.

PAACS ni nini?

PAACS ni kifupi cha jina la Kiingereza. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita Akademia ya Wapasuaji Wakristo wa Afrika Nzima. Inafanya kazi mbili kwa pamoja: kuwafunza madaktari Waafrika upasuaji, na kuwalea katika kumfuata Yesu. Hospitali za misheni zenyewe ndizo darasa lake.

Ilianzaje?

Ilianzishwa mwaka 1996 na wapasuaji wamisionari. Waliona kwamba wagonjwa ni wengi kuliko mikono yao, na kwamba daktari Mwafrika aliyetaka kuwa mpasuaji mara nyingi alilazimika kwenda mbali, na wengi hawakurudi. Hospitali ya kwanza kufunza ilikuwa Bongolo, kusini mwa Gabon, chini ya Dkt. David Thompson. Wazazi wake walikuwa wamisionari Vietnam, na waliuawa huko katika vita mwaka 1968. Yeye hata hivyo alichagua utumishi uleule, akaja Afrika. Baadaye mafunzo yalifika hospitali nyingine, kama Galmi (Niger), Mbingo (Cameroon), Soddo (Ethiopia), Tenwek na Kijabe (Kenya).

Mafunzo yakoje?

Upasuaji wa jumla unachukua miaka 5. Mwanafunzi ni daktari ambaye amekwisha kumaliza masomo ya tiba. Mchana yuko kwa wagonjwa pamoja na mwalimu wake, na vilevile anajifunza Neno pamoja na wenzake. Baadaye matawi mengine yaliongezwa, kama upasuaji wa watoto na wa mifupa. Katika nchi za mashariki mwa Afrika, wanafunzi wanafanya mitihani ya COSECSA, chuo cha wapasuaji kilichoanzishwa mwaka 1999, chenye ofisi Arusha. Kwa hiyo cheti chao hakitambuliwi na kanisa tu. Anayemaliza anaahidi kutumika Afrika, hasa pale penye uhitaji.

Nani wanaongoza?

Kuna baraza linalosimamia kazi yote, na kila hospitali ina mpasuaji anayeongoza mafunzo. Mwanzoni viongozi na walimu walikuwa wamisionari. Leo waliofunzwa wenyewe wanafunza wengine. Ndivyo Paulo alivyomwagiza Timotheo: aliyopokea, awakabidhi watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine pia.

Na sisi?

Tunao mfano wetu wa karibu. Dkt. Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, alikuwa daktari Lemera alipoona jinsi akina mama walivyoteseka katika kuzaa. Alikwenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera. Mwaka 1996, mwaka uleule PAACS ilipoanza, hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha Hospitali ya Panzi, Bukavu, chini ya CEPAC. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Alirudi. Lakini hatuwezi kulijenga tumaini la wagonjwa wetu juu ya mtu mmoja aliyerudi. Vijana wetu wanaosoma tiba wanahitaji kusikia kanisani kwamba upasuaji nao ni utumishi. Na daktari anayemaliza anahitaji kukuta nyumba, mshahara unaolipwa kwa wakati, vifaa, na wazee wanaomtia moyo. Tukimwombea Jumapili na kumsahau Jumatatu, ataondoka, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Tuwaombe wazee na wachungaji waulize swali hili katika mkutano wao ujao: katika hospitali yetu, ni nani anayejifunza sasa kuchukua nafasi ya daktari wetu kesho?