Mathias Kiwanuka: Mjukuu wa Waziri Mkuu wa Uganda aliyewinda makwotabeki Marekani

Kama umezoea soka la Uwanja wa Nelson Mandela pale Sumbawanga, futiboli ya Kimarekani ni kitu kingine kabisa. Mpira unashikwa kwa mikono, na mchezeshaji mkuu, kwotabeki, ndiye anayeurusha. Kazi ya Mathias Kiwanuka ilikuwa kumwangusha kabla hajaurusha.

Alizaliwa Indianapolis mwaka 1983. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Aliuawa 1972, enzi za Idi Amin, akiwa Jaji Mkuu.

Akiwa chuo cha Boston College, Mathias aliangusha makwotabeki mara 37.5. Hiyo nusu hutokea wachezaji wawili wakishirikiana.

Mwaka 2006 akasajiliwa New York Giants. Novemba hiyo alimkamata Vince Young wa Tennessee, kisha akamwachia akidhani mpira umesharushwa, akihofia adhabu. Young akakimbia nao. Giants, waliokuwa wametangulia 21-0, wakaishia kulala 24-21.

Mwaka 2007 akavunjika mguu, akaikosa Super Bowl ambayo timu yake ilishinda. Februari 2012 akawemo uwanjani, Giants wakiichapa New England 21-17.